Sliivu au baipasi: angalia bakteria wa tumboni na kichwa chako, sio kilo peke yake

Mtu akishaamua kufanyiwa operesheni ya kupunguza uzito anauliza maswali mawili tu, shilingi ngapi na ntapungua kilo ngapi. Kwa upande wa kilo jibu lake ni fupi. Kuna utafiti wa Finland unaitwa SLEEVEPASS, matokeo yake ya miaka 5 yalitoka 2018, waliofanya baipasi walikuwa wamepoteza kama asilimia 57 ya ule uzito uliozidi, wa sliivu kama asilimia 49. Tofauti ipo ila sio ya kukufanya uuze kiwanja. Mi nadhani kinachotakiwa kukuamulia ni kitu kingine, ni yale yatakayotokea tumboni na kichwani mwaka wa pili na wa tatu, wakati huo umesharudi zako Kigoma, na dokta aliyekufanyia yuko Dar, zaidi ya kilometa 1,000, na huwezi kupanda treni kila ukisikia kizunguzungu.

Naandika hii kwa sababu mama yangu mdogo, anauza mawese na dagaa sokoni Mwanga, amekuwa akiniuliza mwaka mzima huu nimchagulie, na nimesoma sana na kuuliza madokta, sasa naona bora niweke hapa wengine mfaidike.

Kwanza tuelewane ni vitu gani. Sliivu wanakata na kutoa kabisa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wa saizi ya ndizi. Hairudishiki. Utumbo hawaugusi. Baipasi wanatengeneza kimfuko kidogo juu, kama mililita 30 hivi, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba chini, kwa hiyo chakula kinaruka mfuko mkubwa na kile kipande cha kwanza cha utumbo. Mfuko wa zamani unabaki humo humo ndani ila chakula hakipiti tena. Zote mbili siku hizi zinafanyika kwa matundu madogo, na kwenye vituo vyenye uzoefu hatari ya kufa ndani ya siku 30 ni kama mtu 1 mpaka 3 kwa kila 1,000. Na sio za kila mwenye kitambi. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unasema BMI, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, kuanzia 35, au 30 kama una kisukari cha aina ya pili.

Haya, bakteria.

Tumboni mwetu, hasa utumbo mpana, kuna bakteria wengi ajabu, makadirio ni kama trilioni 38 kwa mtu mzima. Wanakula zile nyuzinyuzi za maharage na matembele ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, wanatoa asidi fulani ndogo ndogo za mafuta ambazo zinalisha ukuta wa utumbo, zinatuliza uvimbe mwilini na zinaongea na homoni za njaa na shibe. Na utumbo una waya wake wa kwenda kwenye ubongo, mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi. Halafu kuna serotonini, ile kemikali ambayo dawa nyingi za sonona zinaichezea, zaidi ya asilimia 90 inatengenezwa utumboni na sio kichwani. Ila hapo msidanganyike jamani, serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo anayekuuzia unga wa kutengeneza furaha tumboni anakuuzia unga tu. Mazungumzo kati ya tumbo na ubongo yapo kweli, yanapita kwenye vagasi, kwenye kinga ya mwili na kwenye hizo asidi, lakini ni mazungumzo marefu, huwezi kuyabana kwenye kopo moja.

Sasa ukifanya baipasi hao bakteria wanabadilika sana, na haraka. Sababu zinaeleweka, asidi ya tumboni inapungua, nyongo inakutana na chakula mbali zaidi, oksijeni kidogo inapenya kule chini ambako haikuwepo, na wewe mwenyewe umebadilisha msosi. Aina ya bakteria zinaongezeka, mmoja anaitwa Akkermansia ambaye anakaa kwenye ute wa utumbo na anahusishwa na sukari nzuri mwilini mara nyingi anapanda, na lile kundi lenye E. koli na ndugu zake nalo linapanda. 2013 watafiti wa Marekani walichukua bakteria kutoka kwa panya waliofanyiwa baipasi wakawapa panya ambao hawana bakteria kabisa, wale panya wakapungua uzito bila kukatwa popote. 2015 wengine wakachukua kinyesi cha akina mama waliofanyiwa operesheni miaka kama 9 nyuma, wakawapa panya, nao wakaweka mafuta kidogo kuliko waliopewa kinyesi cha wanawake wanene ambao hawakufanyiwa. Maana yake mabadiliko yanadumu na yanafanya kazi fulani.

Sliivu nayo inabadilisha bakteria, ila kwa kawaida kidogo kuliko baipasi kwa sababu njia ya chakula ni ile ile.

Kwa hiyo baipasi imeshinda? Hapana, na hapa ndo naomba mnisikilize. Mabadiliko makubwa sio lazima yawe mazuri tu. Baipasi inaongeza uwezekano wa bakteria kujazana kwenye utumbo mwembamba mahali ambapo hawatakiwi kuwa wengi, unapata gesi, kuharisha, na wanaweza kula vitamini zako kabla hujazipata. Na sijaona ushahidi wa binadamu hata mmoja aliyepona sonona kwa sababu tu Akkermansia wake wamepanda, ushahidi wa bakteria mpaka hisia kwa watu waliofanyiwa operesheni bado ni wa kuhusiana tu, kitu A kinaonekana pamoja na kitu B. Mi kwenye bakteria siwezi kumwambia mtu achague baipasi aache sliivu. Ninachoweza kusema ni kwamba ukishafanya yoyote, bakteria wako wanategemea unachowalisha na unachowaua nacho. Na sisi tunawaua sana. Mtu akiharisha siku moja anaenda duka la dawa anapewa flajili na amoksilini bila kipimo, mwezi ujao tena. Mtu aliyetoka kukatwa tumbo akiishi hivyo, zile faida za bakteria anazifuta mwenyewe.

Kabla hata ya operesheni kuna mdudu mmoja wa kumtafuta, H. pailori, yule wa vidonda vya tumbo ambaye huku kwetu wengi tunaye. Kwa sliivu ni muhimu, kwa baipasi ni muhimu mara mbili, kwa sababu ule mfuko wa zamani uliobaki ndani huwezi tena kuuchungulia kirahisi kwa kamera ya mdomoni. Apimwe, atibiwe, apimwe tena kuhakikisha ameisha.

Tuje kwenye kichwa, hapa ndo pana mambo mengi.

Kwanza habari njema. Wengi wanaoenda kwenye hizi operesheni wanaenda tayari wameumia moyoni, uchambuzi mkubwa uliotoka 2016 ulikuta karibu asilimia 19 wana sonona na asilimia 17 wana tatizo la kula kwa kufululiza bila kujizuia, na baada ya operesheni kwa ujumla sonona inapungua. Mtu anapumua usiku, magoti hayaumi, anapanda kilima cha kwenda kwao bila kusimama mara nne. Hiyo peke yake ni dawa.

Ila nafuu ya mwaka wa kwanza kwa baadhi ya watu inapungua kuanzia mwaka wa pili na wa tatu. Kilo zimeacha kushuka, sifa zimeisha, ngozi imelegea, na ile njia ya kujituliza kwa chakula haipo tena. Kule Ontario, Kanada, walifuata watu 8,815, karibu wote walikuwa wa baipasi, wakalinganisha miaka 3 kabla na miaka 3 baada, matukio ya watu kufikishwa hospitali kwa kujidhuru yaliongezeka kwa kama asilimia 54. Nyingi zilitokea mwaka wa pili na wa tatu, na karibu wote waliofikwa na hayo walikuwa na historia ya ugonjwa wa akili tangu kabla. Sisemi hivi kumtisha mtu, utafiti mwingine wa Marekani wa 2007 ulionyesha waliofanya baipasi walikufa kwa asilimia 40 pungufu kuliko wasiofanya, vifo vya kisukari vilipungua kwa asilimia 92, ila ndani ya utafiti huo huo vifo vya ajali na kujiua vilikuwa juu. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Kwa hiyo kama umeshawahi kuugua sonona au kujidhuru, usiifiche kwa dokta ili upitishwe haraka. Sema. Ni kitu cha kutibu kwanza na kufuatilia baadae, hakikufungii mlango.

Tofauti ya wazi kabisa kati ya hizi mbili kwenye kichwa ni pombe. Ukifanya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka na inapanda juu zaidi, bia moja inakuwa sio bia moja tena. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta tatizo la pombe linaongezeka mwaka wa pili baada ya operesheni, kutoka asilimia 7.6 mpaka 9.6, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa baipasi kuliko wa ule mkanda wa tumbo wa zamani. Sliivu nayo inaharakisha pombe ila ushahidi mzito uko upande wa baipasi. Kama kwenu kuna historia ya ulevi, au wewe mwenyewe wikendi haipiti bila kitu, mimi ningekwambia kaa mbali na baipasi.

Ya pili ni sukari kudondoka ghafla. Hii inampata zaidi mtu wa baipasi. Anakunywa chai ya sukari nyingi kama tulivozoea, vijiko vinne, na andazi, chakula kinamwagikia utumboni kwa kasi, ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakata, anataka kulala chini. Au inakuja baada ya saa moja mpaka matatu, sukari ya damu inashuka, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaongea asichokijua. Sasa fikiria hiyo inatokea Ujiji au Mwandiga mbele ya watu. Mmoja atasema ni presha, mwingine atasema ana wasiwasi wa akili, na yupo atakayesema mashetani yamempanda apelekwe kwa mtaalamu. Kumbe ni andazi. Familia yote inatakiwa ijue hii kitu kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, na mgonjwa mwenyewe ajue kwamba yale mapigo ya moyo sio lazima awe anapata kichaa. Kwenye sliivu inaweza kutokea pia ila mara chache.

Ya tatu ni dawa. Baipasi inapunguza jinsi mwili unavyonyonya baadhi ya vidonge, zikiwemo dawa za sonona, walipima wagonjwa mwezi mmoja baada ya operesheni wakakuta kwa wengi dawa kwenye damu imeshuka karibu nusu. Vile vidonge vya kuachia dawa taratibu siku nzima ndo havifai zaidi. Kwa hiyo mtu alikuwa ametulia vizuri na dawa yake, anakatwa, dawa ile ile dozi ile ile, hali inaharibika na hakuna anayeelewa kwa nini. Na vidonge vya uzazi wa mpango ni hivo hivo, usivitegemee baada ya baipasi, weka kijiti au sindano, maana mimba inashauriwa isubiri miezi 12 mpaka 18 na uzazi unarudi kwa kasi kwa wanawake waliokuwa hawashiki mimba sababu ya unene. Diklofenaki na brufeni ndo usiziguse kabisa ukiwa wa baipasi, zinachimba kidonda pale walipounganisha. Na huku diklo tunakunywa kama karanga, mgongo diklo, kichwa diklo, kwa hiyo kama kazi yako ni ya kubeba mizigo Kibirizi na unaishi kwa diklo, hilo peke yake linaweza kukuamulia sliivu.

Ya nne vitamini na madini. Chuma, B12, kalsiamu na vitamini D, baipasi inahitaji uzimeze maisha yote, sliivu pia unameza ila upungufu wake mara nyingi ni mdogo. B12 ikiisha unapata ganzi miguuni, usahaulifu na huzuni ambayo haina sababu, na watu wanatibu huzuni wakati kinachokosekana ni sindano. Na mtu yeyote anayetapika wiki nzima baada ya operesheni, iwe sliivu au baipasi, akimbizwe hospitali, B1 inaisha haraka na ubongo unaharibika kweli, macho yanacheza, anayumba, anasahau. Usisubiri treni ya Dar, nenda Maweni, hospitali yetu ya mkoa, na useme wazi "nimefanyiwa operesheni ya tumbo na natapika", aanze kupewa B1 kabla ya dripu ya sukari.

Upande ambao sliivu inashindwa ni kiungulia. Kama sasa hivi unalala na mito mitatu kwa sababu asidi inapanda kooni, sliivu ina uwezekano mkubwa wa kukuzidishia, na baipasi mara nyingi inakiondoa. Na kisukari cha muda mrefu kwa kawaida kinajibu vizuri zaidi kwa baipasi. Na kiungulia cha kila usiku ni kukosa usingizi, na mtu asiyelala hana afya ya akili, kwa hiyo msikione kitu kidogo.

Kuna jambo halimo kwenye tafiti za Finland wala Kanada. Huku kwetu unene bado una heshima, na mtu akikonda ghafla swali la kwanza ni "unaumwa?" na la pili hawakuulizi, wanaliongea ukishapita, wanasema ana ngoma. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, wateja wangu wakiona nimeisha watasema dagaa zangu nazo zina ugonjwa." Hiyo ni hofu halali, anazungumzia riziki yake. Halafu kuna msiba na harusi, ukiletewa sinia ya wali ukala vijiko vitatu mwenye shughuli anaona umemdharau. Operesheni zote mbili zinakuletea hili sawa sawa, tofauti ni kwamba wa baipasi anapungua kwa kasi zaidi kidogo na maneno yanaanza mapema. Ushauri wangu chagua watu wachache wa kuwaambia ukweli mapema, mume au mke, ndugu mmoja, jirani mmoja anayesikilizwa mtaani, hao ndo watakujibia.

Kwenye kula, Kigoma tuna bahati moja. Baada ya operesheni unatakiwa upate protini angalau gramu 60 kwa siku kwenye tumbo dogo sana, wakati ugali wa muhogo protini yake ni karibu na hakuna. Dagaa wetu wakavu ndo suluhisho. Wachague mchanga wote utoke, wakaange bila mafuta kwenye sufuria mpaka wakatike wenyewe ukiwabana na vidole, watwange, chekecha kwa chujio la chai mara mbili ule unga uwe laini kabisa, unachanganya kijiko kwenye uji mwepesi ambao hauna sukari au kwenye supu ya mgebuka. Protini umepata, kalsiamu ya mifupa umepata. Baadae ukiruhusiwa vyakula vigumu ongeza maharage yaliyoiva sana, mlenda, mtindi usio na sukari, hizo ndo zinalisha bakteria. Chai kaa nayo mbali na kidonge cha chuma, masaa mawili hivi.

Puto na sindano nazitaja haraka kwa sababu mtaniuliza. Puto linawekwa kwa mdomo, linakaa kama miezi 6 linatolewa, hospitali ya Mloganzila Dar wanajulikana kwa hilo, haligusi utumbo, ila uzito unarudi kirahisi. Sindano za semaglutidi kama Ozempic na Wegovy, Wegovy kwenye utafiti mkubwa ilishusha wastani wa asilimia 14.9 ya uzito kwa wiki 68, lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Ni dawa ya friji na ya pesa ya kila mwezi. Anayeogopa kisu na ana uwezo wa kulipa miaka yote hiyo, ni njia ya kweli. Asiyekuwa na uhakika wa pesa ya mwezi wa saba, asianze.

Sasa mi nachagua vipi? Mtu wa Kigoma asiye na kiungulia kikali, anayetumia dawa za sonona au ana historia ya pombe, au anajijua hatameza vitamini kila siku, sliivu. Mwenye kisukari cha miaka mingi na kiungulia cha kila usiku, asiyekunywa, mwenye mtu nyumbani wa kumfuatilia na nauli ya kurudi kliniki, baipasi. Mama mdogo ana kisukari miaka 11, hanywi, anaamka usiku kukohoa asidi, nimemwambia baipasi, na binti yake ndo amekubali kushika ratiba ya vidonge. Mwenye sonona ambayo haijatulia sasa hivi asichague chochote mwaka huu, atibiwe kwanza, aanzie hospitali ya mkoa, na hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma hapo njiani kama wakimpa rufaa.

Na yeyote utakayochagua, kabla hujapanda gari kurudi huku dai karatasi ya operesheni, imeandikwa ni aina gani, lini, na nani alifanya, piga na picha kwenye simu ya mtu mwingine. Wa baipasi anaweza kupata maumivu makali ya tumbo hata miaka mitatu baadae kwa sababu utumbo umejisokota kwenye tundu lililobaki ndani, hiyo ni dharura ya kufunguliwa siku hiyo hiyo, na dokta wa zamu saa nane usiku anatakiwa ajue tumbo analolishika limeunganishwaje.